Sungura Aliyegawa Dawa

Kazi yangu ni kutoa dawa kwenye kidirisha cha zahanati, na kwa miaka sita nilieleza mpaka mate yakanikauka: kimoja asubuhi, kimoja jioni, usimeze vyote kwa pamoja. Waliitikia "ndiyo, daktari", ingawa mimi si daktari hata kidogo, kisha wakaenda nyumbani wakafanya walivyotaka. Fundi cherehani mmoja alibugia dozi ya siku tano kwa mkupuo ili apone upesi, amalizie sare za shule. Tulimzika sare zikiwa bado hazina vifungo.

Ndipo nikamwendea mama. Mama alikuwa bingwa wa hadithi. Akianza kusimulia, hata mtoto mwenye homa hunyamaza. Nikamwomba atunge moja ya dawa, awasimulie wagonjwa kwenye mabenchi wakisubiri zamu.

Akatunga. Fisi na Sungura wameugua, kila mmoja kapewa vidonge vyake. Fisi, kwa uroho wake, akavibugia vyote, akafa huku anacheka. Sungura akameza kimoja kimoja, akapata nafuu. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akapitwa na zamu yake. Lakini katika hadithi za mama hakuna anayepona peke yake. Akaongeza kwamba Sungura aligawa vidonge vilivyobaki: kimoja kwa Swala, kimoja kwa Kobe, kimoja kwa watoto wa Fisi.

"Mama, hapo umeharibu," nilimwambia jikoni. "Dawa haigawiwi."

"Mwanangu, lini umesikia hadithi ambayo mchoyo ndiye shujaa? Nani ataisikiliza?"

Nikacheka. Mabenchi yalikuwa yanajaa, mkuu wa zahanati alikuwa amenisifu mbele ya wenzangu, na sifa ni tamu. Nikaiacha ilivyo. Hilo sitajisamehe.

Kweli, hakuna aliyebugia vidonge tena. Wakaanza kugawana, nami nyuma ya kidirisha changu sikuona lolote, maana anayegawa harudi kulalamika. Mama mwenyewe alikuwa na presha. Kila mwezi nilimpa vidonge thelathini kwa mkono wangu, kimoja kila siku. Jirani akishikwa na kizunguzungu alipiga hodi: "Mama Sungura, nisaidie kimoja tu." Walikwisha kumbatiza jina hilo. Angemnyima nani, naye ndiye aliyewafundisha? Akawa anameza siku moja, anaruka mbili. Alipoanguka uani, kopo lilikuwa tupu, na mwezi ulikuwa haujafika katikati.

Kiharusi kimemchukua upande wote wa kulia, na ulimi. Imembakia sauti moja: "aa" ya njaa, "aa" ya kiu, "aa" ya kuniita.

Nilirudi kwenye mabenchi kuirekebisha hadithi. Nikasema Sungura hakumpa mtu yeyote, na ndiyo maana alipona. Muuza mkaa akaniuliza kwa upole, "Kwani wewe unaijua kuliko mwenyewe?" Nikamfokea, nikaangua kilio mbele yao. Walinionea huruma, basi. Hawakuniamini, na sina tena hadithi ya kuwapa.

Jana nilipotoka kazini nilikuta majirani wamejaa chumbani kwa mama. Walikuwa wametandika kitambaa safi kitandani, na juu yake vidonge: vya sukari, vya moyo, vya kifafa, vyeupe, vya njano, kila mmoja kaleta kimoja kutoka dozi yake. Kinyozi, ambaye hutupwa chini na kifafa akikosa dawa siku moja, ndiye aliyeshika gilasi ya maji.

"Alitupa sisi," alisema, macho yamemlengalenga machozi. "Leo tunampa yeye."

Mama alikuwa amekwisha kumeza vitatu. Niliuliza ni vidonge vipi. Wakatazamana. Hakuna aliyejua.