Kiti cha Asubuhi

Pale Tororo, Uganda, chini ya lile jiwe kubwa, iko shule moja watu wanaiita Stoo. Jina lake la kwenye karatasi ni refu, hakuna mtu anajisumbua nalo. Ilianza ndani ya stoo ya pamba karibu na reli, watoto wachache wamekalia magunia, ubao mmoja, mwalimu mmoja. Kisha mji ukajaa, masomo ya bure yakaja, watoto wakamwagika kama mahindi kwenye gunia limetoboka. Mwalimu mkuu wa wakati ule akaangalia madarasa, akaangalia watoto, akakata shule katikati kama mkate. Hawa asubuhi, hawa mchana. Darasa lile lile, dawati lile lile, mwalimu yule yule.

Sasa mkate ukikatwa, iko upande mmoja umepata siagi. Odwori alikuwa wa upande mwingine.

Huyu kijana wa Bulumbi, anayekaa kwa shangazi yake mjini, kila adhuhuri alisimama getini kungoja asubuhi watoke. Wanatoka na sweta zao za bluu, vifua mbele, kama wao wenyewe ndio walibeba ile pamba. Kiranja mkuu lazima atoke kwao. Chakula wanaanza wao. Maharagwe wanakula, mchana wanakunywa mchuzi. Odwori akikaa, kiti bado kina joto la makalio ya mtu. Bati linachoma utosi, na mvua ya jioni ikipiga, mwalimu anafungua mdomo, sauti hakuna.

Lakini kilichomchoma roho zaidi ni Mwalimu Olweny wa historia. Asubuhi walikuwa wanatoka kwake wameshika mbavu kwa kicheko. Akifika mchana, amekauka kama muhogo wa kuanika.

"Mwalimu, na sisi tuambie ile ya asubuhi," Odwori akamwomba siku moja.

"Ile imeisha," Mwalimu Olweny akasema, akageukia ubao.

Imeisha! Kama chapati!

Na huyo mtu wa asubuhi kwenye kiti chake alikuwa anachora malori juu ya dawati. Malori mazuri, mpaka na maturubai. Odwori aliyafuta kwa mate, kesho anakuta mengine.

"Wewe unachukia mtu hujawahi hata kumsalimia," akasema Auma, msichana anayekaa naye benchi moja tangu Sinia One, mwaka wao wa kwanza hapo Stoo.

"Simchukii. Anakalia maisha yangu."

Auma akacheka, akafungua karatasi ya njugu alizokaanga mama yake, akamsukumia nusu. Kila siku hivyo.

"Auma, hata chumvi?" Odwori akalalamika. Kila siku hivyo pia.

"Chumvi namwekea bwana wangu. Wewe kula."

Basi siku moja, pale getini, kijana mrefu wa sweta ya bluu akamshika bega. "Buda, si wewe ndio wa dawati langu?"

"Langu," Odwori akasema.

"Haya, letu. Mimi Brayo, wa Busia, upande wa Kenya. Sikia, kuwahi shule kumenishinda kabisa. Mjomba ananitaka nioshe lori lake kila asubuhi kabla halijaondoka. Tubadilishane, ama?"

Odwori hakuuliza mara mbili. Wakaenda mbio kwa Mwalimu Joanita, naibu wa mwalimu mkuu. Mama huyo akawatazama juu ya miwani.

"Mnajua sheria? Mtu anabadilisha mara moja tu mpaka amalize Stoo. Hapa si soko, hakuna kurudisha bidhaa."

"Tunajua, madam!"

Odwori akaruka mpaka kwenye benchi. "Auma, mimi nakwenda asubuhi!"

"Nenda."

"Hata pongezi?"

"Pongezi, mtu wa bluu." Akafunga karatasi yake ya njugu bila kuisukuma.

Asubuhi ilikuwa tamu, tusidanganyane. Maharagwe yalikuwa maharagwe. Mwalimu Olweny akatoa ile hadithi ya mkoloni na punda, darasa likaanguka. Odwori naye akacheka, akageuka kumgonga Auma kiwiko, akamgonga Chrispinus, jitu moja linalokoroma macho wazi.

"Nini?" Chrispinus akauliza.

"Hakuna."

Adhuhuri akatoka getini, kifua mbele. Mchana walikuwa pale, wamepanga mstari kwenye jua. Brayo alikuwa anasema kitu kwa mikono yote miwili, na Auma amekunjika kwa kicheko mpaka kitabu kimemwanguka. Yule Auma! Kwa Odwori alikuwa anacheka kwa pua tu. Na hadithi yenyewe ni ya nini? Imebaki kidogo, ama nayo imeisha, kama ile ya Mwalimu Olweny?

"Karibu, mkubwa," Auma akamwambia alipomwona. "Mmetuachia hata maharagwe?"

Mstari mzima ukacheka. Brayo akamwokotea kitabu, akakipangusa vumbi kwa sweta yake mpya. Odwori akapita haraka.

Usiku hakulala vizuri. Asubuhi akafika Stoo kabla hata ya mwenye funguo, akangoja, akaingia wa kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye dawati. Lori lilikuwepo. Safari hii mbele kuna vichwa viwili, kimoja kimesukwa nywele.

Akalowesha kidole kwa mate ili afute. Kisha akaona ndani ya dawati maganda ya njugu, chungu nzima, na katikati njugu moja nzima wameisahau.

Akaitazama. Akaitia mdomoni.

Ilikuwa na chumvi.