Viganja Tisa kwenye Jiwe la Mpaka

Tarehe mosi Januari mkutano wa kijiji ulimpa mume wangu kazi ya kusimamia maji kwa mwaka mzima, na mume wangu hakuwepo. Alikuwa Oregon, kule Marekani, anapogoa mizabibu ya watu, mwaka wa tatu huo.

"Fidencio Yescas, maji," karani alisoma, na watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Don Eleazar, mwenyekiti mpya, akanipa ufunguo wa tangi uliofungwa kwa kamba ya kiatu. "Mwambie Fidencio tunampongeza."

"Nitamwambia. Atafungua tangi kwa simu?"

Wakacheka. Sikuwa natania sana.

Kazi ya baraza hapa Santa Inés haina mshahara. Unatumikia mwaka wako, jina lako linaingia kwenye orodha, halafu unapumzika miaka mitatu kabla hujateuliwa tena. Mume akiwa mbali, mke anatumikia na jina linaloingia ni la mume. Mama mkwe wangu, doña Casilda, alifagia ua wa baraza mwaka mzima kwa jina la mtu aliyekuwa Veracruz anakata miwa. Hajawahi kulalamika, ila ufagio wa aina ile hautaki nyumbani kwake mpaka leo.

Na mimi huenda nisingelalamika, isipokuwa mwezi Machi baraza lilitangaza viwanja vitatu chini ya chemchemi. Vingegawiwa kwenye mkutano wa Desemba, kwa watu waliotumikia kwa jina lao wenyewe na ambao hawana sehemu katika ardhi ya kijiji. Fidencio anayo sehemu, aliachiwa na baba yake, shamba la mahindi kule bondeni. Kwa jina lake tusingepata kitu. Kwa jina langu tungepata.

Nilisoma kilimo miaka miwili chuoni, kule mjini, na stashahada ninayo. Kiwanja cha katikati nilikichimba kwa sepetu kuangalia: udongo mweusi unaofika magotini, maji karibu, upepo unazuiwa na kilima. Ni mahali pa maparachichi. Nina watoto watatu, na mkubwa anamaliza shule ya msingi. Mahindi ya bondeni yanatulisha, lakini hayamsomeshi mtu.

Nikaenda kwa karani. Don Nahúm ni mtu safi, mwandiko wake mzuri, mashine yake ya kuchapa anaifunika kwa kitambaa alichodariziwa na mkewe. Amekuwa karani tangu sijaolewa, maana hakuna mwingine anayeitaka kazi hiyo.

"Don Nahúm, naomba mwaka huu uandikwe kwa jina langu."

"Haiwezekani, doña Obdulia. Aliyeteuliwa ni Fidencio."

"Anayefanya kazi ni nani?"

"Wewe. Kwa niaba yake."

"Haya malengelenge nayo ni kwa niaba?" Nikamwonyesha viganja.

Akaviangalia vizuri, kwa huruma kabisa. "Pole. Paka mafuta ya nguruwe usiku. Lakini desturi siwezi kuibadilisha kwa sababu ya malengelenge."

Jioni nikampigia Fidencio. "Si waandike lako," akasema. "Mimi nilishika sepetu gani?" Akayarekodi maneno hayo kwa ujumbe wa sauti, nikampelekea don Nahúm kwenye simu ayasikilize mwenyewe. Akasikiliza mara mbili, akasema sauti nzuri, Fidencio anaonekana mzima, lakini simu si hati.

Basi nikafanya kazi. Tangi nililifungulia maji yote, nikaingia ndani na mabuti na brashi, nikatoa vyura kumi na mmoja na kiatu cha mtoto. Ng'ombe wa kompadre Abundio, msimamizi wa ubatizo wa mwanangu, walikanyaga bomba mara mbili, na mara mbili alisema si wake. Mvua za Juni ziliporomosha barabara, kijiji kizima tukatoka msaragambo siku nne. Mimi na doña Casilda tulikuwa kwenye zamu ya mawe. Agosti mizizi ya msonobari iliingia kwenye bomba kuu. Nilichimba mita kumi na sita. Valvu ya pili ilikwama, na inakwama mpaka leo. Ukitaka ifunguke lazima uigonge upande wa kushoto. Maji hayakukatika zaidi ya siku mbili mwaka mzima, na hilo hata Abundio analikubali.

Kufika Novemba, mvua zikishakatika, inakuja kazi ya mwisho na kubwa kuliko zote: kutembea mpaka. Baraza letu linapanda kutoka huku likifyeka mstari, baraza la San Jacinto, kijiji jirani, linapanda kutoka kule, na tunakutana kwenye jiwe lililoko juu ya chemchemi tunayochangia. Jiwe linapakwa chokaa upya. Chokaa ikiwa bado mbichi, kila aliyetajwa kwenye hati ya mpaka anabandika kiganja chake. Majina na viganja vikilingana, mihuri inapigwa, watu wanakula. Visipolingana, hakuna mhuri. Zamani vijiji hivi viwili vilipigana kwa ajili ya jiwe hilo, na babu yake Abundio alirudi kutoka huko bila sikio. Kwa hiyo hakuna anayefanya mzaha na viganja.

Tulikuwa tisa. Mimi nilitangulia na panga kwa sababu njia ya bomba naijua. Don Nahúm alikuja nyuma na mkoba kifuani kama amebeba mtoto mchanga. Yeye hapendi kuandika akiwa amechuchumaa na karatasi gotini, upepo unapuliza, kwa hiyo mwaka huu alikuwa ameichapa hati nyumbani, nakala mbili, safi, bila kufuta hata herufi moja. Majina aliyatoa kwenye orodha ya Januari.

San Jacinto walikuwa wameshafika. Karani wao, don Tránsito, ni mzee mwembamba anayesoma kila kitu kwa kidole. Tulisalimiana, tukapaka chokaa, wake zao wakaanza kupasha moto maharage na tortila, chapati zetu za mahindi, kwenye kuni. Don Tránsito akavaa miwani, akaanza kuita majina yetu. Mmoja mmoja wakaenda, wakabandika viganja.

"Fidencio Yescas Montaño."

Punda wa mizigo akapumua.

"Fidencio Yescas Montaño," akarudia. "Yuko wapi?"

"Huyu hapa mkewe," don Nahúm akasema.

"Sikuuliza mkewe. Nimeuliza Fidencio."

"Fidencio yuko Oregon."

Don Tránsito akavua miwani. "Ana mkono mrefu namna gani huyo mtu?"

San Jacinto wakaangua kicheko, na kwetu pia wawili wakashindwa kujizuia.

"Ni desturi yetu," don Nahúm akasema, masikio yamemwiva. "Mke anatumikia kwa niaba."

"Kutumikia nyumbani kwenu tumikieni mnavyotaka. Hapa ni kwenye jiwe. Hati inasema Fidencio alipanda mpaka huu leo, akaliona jiwe hili, akaweka kiganja. Mimi simwoni. Nikigonga mhuri nitakuwa nimesema uongo pamoja na wewe, na kesho mkigombana na wajukuu zetu mtasema hati ni batili kwa sababu ina mtu hewa. Siigongi."

"Basi tumtoe," don Nahúm akasema haraka. "Tubaki wanane."

"Jiwe liko juu ya chemchemi. Hati isiyo na mtu wa maji wa pande zote mbili, hiyo si hati ya jiwe hili. Wa kwetu huyu hapa." Akamwonyesha jamaa mmoja mnene aliyekuwa anapuliza moto. "Wa kwenu nani?"

Hapo wote wakanitazama. Nilikuwa na brashi ya chokaa mkononi.

"Wa kwetu ni mimi," nikasema. "Obdulia Cruz Zárate. Na chokaa inakauka, don Nahúm."

Akamgeukia mwenyekiti. Don Eleazar ni mtu mpole, na alikuwa ametembea tangu alfajiri na kahawa tupu tumboni. Alikuwa anaangalia sufuria.

"Andika, Nahúm," akasema.

"Lakini orodha ya Januari..."

"Andika mwanangu, maharage yanaungua."

Kwa hiyo don Nahúm alichuchumaa, karatasi gotini, upepo unapuliza, akaandika hati upya kwa mkono, nakala mbili. Jina langu aliliandika la mwisho, lakini aliliandika lote, na kwa mwandiko ule ule mzuri. Nikabandika kiganja. Kikawa kidogo kuliko vingine vyote, na alama ya lengelenge ilionekana. Don Tránsito akahesabu viganja vyetu kwa kidole, tisa, akapuliza mhuri wake kwa pumzi ya moto, akagonga. Yule mnene wa maji akanipa tortila ya kwanza. "Valvu yenu bado inakwama?" akauliza. Tukazungumzia valvu mpaka chakula kikaisha.

Desemba ukaja mkutano mkuu. Ukumbi ulijaa, doña Casilda alikaa mbele kabisa na shali yake nyeusi. Don Nahúm akaanza kusoma waliotumikia. Alipofika kwenye maji akasimama kidogo, akakohoa.

"Maji. Hati ya mpaka inasema Obdulia Cruz. Orodha ya Januari inasema Fidencio Yescas. Hati ina mihuri miwili." Akazikunja karatasi. "Siwezi kuwa na mtu mmoja kwenye jiwe na mwingine kwenye orodha. Naandika Obdulia Cruz."

Watu wakanong'ona. Doña Casilda hakunong'ona. "Na mkono wake uko kule," akasema kwa sauti ya kusikika nyuma. "Anayebisha apande akaangalie."

Hakuna aliyepanda. Nikaomba kiwanja cha katikati, nikaeleza nitapanda nini na kwa nafasi gani kati ya mti na mti, mikono ikanyanyuka, nikakipata.

Nilikuwa naanza kukaa don Nahúm aliposema, "Bado jambo moja." Nikaona midomo yake inacheza kidogo, furaha ya mtu aliyelifikiria jambo lake kwa majuma matatu. "Kama aliyetumikia ni Obdulia, basi Fidencio hajatumikia. Mwaka wake bado uko palepale. Anayepumzika ni aliyefanya kazi, kwa hiyo mwakani maji ni ya Fidencio mwenyewe, si ya mkewe."

Ukumbi mzima ukacheka. Abundio akapiga kelele kutoka nyuma, "Amekukamata, komadre!"

"Unapinga, doña Obdulia?" mwenyekiti akauliza.

Nilifikiri. Ningeweza kupinga, nyumba moja miaka miwili mfululizo ni mzigo, na watu wangenielewa. Halafu nikafikiri miaka mitatu ya kuongea na mtu kwenye kioo cha simu, na mashimo arobaini ya miparachichi yanayosubiri kuchimbwa.

"Sipingi. Ni haki. Aje."

Nilimpigia nikiwa bado kwenye ngazi za baraza. Alikuwa porini kwenye ukungu, wanakata misonobari ya Krismasi.

"Kiwanja tumepata," nikamwambia.

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu. Na wewe umepata maji."

"Maji gani?"

"Mwaka mzima. Wewe mwenyewe, na mikono yako. Don Nahúm amesema simu si hati."

Nikamsikia anacheka, cheko lile la tumboni ambalo watoto wamelirithi, na akamwita mwenzake wa jirani amweleze.

Alifika tarehe ishirini na tisa na basi la asubuhi, mwembamba, amebeba mabegi mawili na televisheni ambayo hakuna aliyeiomba. Mdogo alijificha nyuma yangu kwa muda, halafu akatoka akaishika televisheni.

Tarehe mosi Januari tukasimama uani mbele ya baraza, kila anayetoka mbele ya anayeingia. Nikamkabidhi mume wangu ufunguo wenye kamba ya kiatu.

"Ya pili inakwama," nikamwambia. "Igonge kushoto."

"Kushoto kwangu au kushoto kwa valvu?"

"Twende nikuonyeshe. Halafu uje na sepetu, tuna mashimo."