Zamu ya Loren

Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba Curtis Tollefson alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya zege, katika ghorofa ya chini ya ardhi ya nyumba yake, akichora kwa chaki mahali itakapokaa meza. Nyumba ile ilijengwa na baba yake, na baba yake hakuwahi kuimalizia kule chini. Kuta zilikuwa tupu, nyaya zinaning'inia, pembeni limesimama tanuri la kupashia nyumba joto, na kando ya tanuri zilipangwa chupa za matango ya siki za mama yake ambazo hakuna aliyethubutu kuzifungua. Kwa miaka mingi Curtis alikuwa akimwambia mkewe, Renae, kwamba akistaafu kazi ya posta atapageuza pale pawe chumba cha michezo ya ubao: meza kubwa katikati, rafu za kupangia michezo, taa ya kuning'inia, na jokofu dogo la bia. Sasa alikuwa amestaafu, na mke wake alikuwa anamwangalia.

Jirani yao, Duane Pribyl, alikuja kusaidia kupigilia mbao za fremu. Duane alikuwa mtu wa maneno mengi na misumari michache.

"Yaani chumba chote hiki ni cha kurushia dadu tu?" aliuliza. "Wenzako Minnesota nzima wanajenga baa."

"Baa unayo wewe, na hakuna anayekuja kuinywea."

"Wanaogopa uzuri wa mke wangu."

"Wanaogopa bia yako, bwana."

Waliweka sufi ya kuzuia baridi, wakafunika kuta kwa jipsamu, wakapaka rangi ya kijani, wakatandika zulia. Kufikia wakati majani yanapukutika, kule chini palikuwa pamekuwa chumba hasa. Curtis alinunua meza na viti vitano: chake, cha Renae, cha Duane, cha mke wa Duane aitwaye Colleen, na kimoja cha mama yake Curtis, Bi Arlys, aliyekuwa anakaribia miaka tisini na ambaye alilala chumba cha karibu na jikoni.

Walipomaliza kuvipanga, viti vilikuwa sita. Cha sita kilikuwa cha mbao, cha zamani, hakikufanana na vingine. Curtis akakipeleka gereji. Aliporudi, kilikuwa mezani. Duane naye akakibeba mpaka kwake, ng'ambo ya barabara, akarudi akakikuta kimemtangulia.

"Basi kiacheni," alisema Renae. "Meza yenyewe ni kubwa."

Walikiacha.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Renae alishusha bakuli la viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa pamoja, Bi Arlys akashushwa ngazi akiwa ameshikwa huku na huku. Curtis alikuwa anagawa kete alipotokea mtu nyuma ya tanuri. Nyuma ya tanuri hapakuwa na mlango, palikuwa na ukuta ambao Curtis mwenyewe aliupaka rangi mara mbili. Mtu huyo alikuwa mzee mwembamba, mkubwa kidogo kuliko Curtis, na pua kama ya Curtis. Alivaa koti la sufu la kijivu lililoshonwa namba kifuani, mahali ambapo wengine huandikwa jina. Alikung'uta theluji viatuni, ijapokuwa nje jua lilikuwa linawaka. Akakaa kwenye kile kiti cha sita.

"Ni zamu yangu?" akauliza.

"Bado," alisema Bi Arlys. "Futa miguu kwanza, Loren. Zulia jipya hilo."

Loren aliinuka, akafuta miguu, akakaa tena.

"Unachukua rangi gani?" Duane alimuuliza. "Nyekundu nimeshaichukua, hata usijisumbue."

"Bluu."

Colleen alikuwa ameshika bluu. Akampa, yeye akachukua njano.

Curtis alibaki na kete mkononi. Alikuwa na hisia ya mtu aliyeingia kanisani katikati ya wimbo na hajui wamefika ubeti gani. Akamwinamia mama yake.

"Mama, huyu ni nani?"

"Kaka yako."

"Mimi sina kaka."

"Unaye. Sikukwambia tu," alisema Bi Arlys, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi. "Gawa kete, watu wanangoja."

Curtis akagawa. Loren alicheza polepole, akifikiri sana, na kila mtu alipomaliza kurusha dadu, yeye aliuliza kama sasa ni zamu yake. Katikati ya mchezo mkono wake ulianza kutetemeka, mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Renae, aliyewahi kufanya kazi ya kutunza wazee, alimlaza kwa ubavu juu ya zulia, akamwekea mto, akangoja. Baada ya muda kidogo Loren alifumbua macho, akapewa maji, akarudi kitini. Duane alikuwa amekaa na mikono mapajani ili mtu asidhani amesogeza kete.

"Ndiyo sababu hiyo tu?" Curtis aliuliza.

"Ndiyo hiyo tu," alisema mama yake.

Alimweleza palepale, huku mchezo ukiendelea. Loren alianza kuanguka kifafa akiwa mdogo. Daktari akasema mtoto wa namna ile ana mahali pake, serikali ya jimbo imejenga nyumba ya kuwaweka. Curtis alikuwa na miaka minne, Loren kumi na mmoja. Baba yao akamfunga kamba za viatu, akampakia garini. Majirani waliambiwa kaka mtu amekwenda kukaa kwa shangazi yake Dakota Kaskazini, na baadaye huyo shangazi naye akaachwa kutajwa ili watu wasiulize. Loren alikufa hukohuko kwa homa ya mapafu akiwa na miaka kumi na tisa.

"Walipiga simu," alisema Bi Arlys. "Baba yako alikuwa anakula. Akamaliza kula."

"Kama alikufa na miaka kumi na tisa, mbona mzee hivi?"

"Miaka inakwenda tu, Curtis. Ulitaka abaki vilevile?"

Curtis hakujua alitaka nini. Alimtazama Loren akihesabu vituo kwa kidole. Akajaribu kukumbuka mtoto wa kiume ndani ya nyumba ile, akakumbuka tu mtu aliyekuwa akimbeba mgongoni, ambaye siku zote alidhani ni binamu.

Jioni ikiwa bado haijaingia, honi ililia nje. Kwenye njia ya kuingilia gari kulikuwa na gari refu la kijivu, la aina ambayo haitengenezwi tena. Dereva alikuwa mwanamke mwenye kofia na adabu nyingi. Alisimama juu ya ngazi.

"Samahani kuwakatizia. Loren, twende."

Loren alisimama. Bi Arlys akaanza kumfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Kuna anayetaka abaki?" dereva aliuliza.

Curtis alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Nauliza kama kuna anayetaka abaki. Mtu wa nyumba hii akisema abaki, anabaki."

"Hakuna cha kusaini? Hakuna daktari?"

"Hakuna. Imekuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Baba yenu alipomleta tulimwambia."

Curtis alimgeukia mama yake. Bi Arlys alikuwa amefika kifungo cha shingoni na alikuwa anahangaika nacho.

"Hukujua, mama?"

"Nilijua baba yako alisema wiki moja," alisema Bi Arlys. "Kisha ikawa wiki nyingine. Sikuuliza."

Ndipo Renae aliposema kwamba kule chini hakuna choo, na magoti ya Loren na zile ngazi haviwezani. Alisema hivyo kama mtu anayetafuta njia ya kumsaidia, lakini Curtis aliyadaka maneno yale haraka mno.

"Kweli. Choo," alisema. "Ngojeni nijenge choo."

"Hamna shida," alisema dereva, akamshika Loren kiwiko, wakapanda ngazi.

Kuanzia hapo Loren alikuja kila Jumamosi. Alitokea nyuma ya tanuri, akafuta miguu, akacheza, akanywa kahawa yenye maziwa mengi, na honi ilipolia akaondoka. Curtis alimtafuta fundi bomba. Walipasua zege waliyokwisha kuifunika kwa zulia, wakalaza mabomba, wakaweka choo, sinki, na vyuma vya kushikia ukutani.

"Hiki ni chumba cha michezo au hoteli?" Duane aliuliza, akiwa amebeba sinki upande mmoja.

"Nyanyua bwana, acha domo."

Choo kilipokwisha, Curtis alikumbuka kwamba sheria ya mji hairuhusu mtu kulala chini ya ardhi bila dirisha la kumtosha kutokea moto ukiwaka. Akachimba nje, akakata ukuta, akaweka dirisha. Dereva aliposikia habari ya dirisha alisema tena kwamba hamna shida.

Curtis alikwenda dukani kununua vitasa. Mwenye duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimuuliza kama kaka yake anapenda taa kali au hafifu.

"Unamjua kaka yangu?"

"Tulisoma darasa moja. Alikuwa anakaa dirishani." Mzee alipima kitasa mkononi. "Nilidhani mnajua."

Mchungaji naye alimpa mkono mlangoni mwa kanisa, akamwambia amsalimie Loren. Curtis alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Alikuwa amejiambia kwamba Loren akibaki watu watauliza alikuwa wapi, na mama yake, katika umri ule, atalazimika kujibu. Sasa ilionekana hakuna wa kuuliza. Wazee wote wa mji walijua tangu zamani, na walinyamaza kwa heshima, kama wanavyonyamazia harufu ndani ya nyumba ya mtu. Hakuelewa kwa nini jambo hilo lilimwongezea uzito badala ya kumpunguzia.

Renae ndiye aliyenunua kitanda. Walikitandika kwenye kona ya dirisha, blanketi mbili na mto. Loren alipokuja alikiona, akakibonyeza kwa kiganja kama mtu aliye dukani.

"Cha nani?" akauliza.

"Cha wageni," alisema Curtis.

Renae alimtazama mumewe, akapanda juu kuleta kahawa, akakawia kurudi.

Ikafika Jumamosi ya Desemba ambayo kila kitu kilikuwa tayari. Choo kilivuta maji, dirisha lilifunguka, taa iliwaka hafifu. Siku hiyo bahati ilimwangukia Loren. Kete zake za bluu ziliongoza, na Duane alikuwa amebaki nyuma kabisa akilaumu dadu.

"Dadu hizi zinajuana na huyu," alisema. "Mzee, unazipa nini?"

Loren alicheka, akafunika mdomo kwa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza Curtis kumwona akicheka, na meno yake yalikuwa ya baba yao.

Honi ikalia. Safari hii dereva alishuka mpaka chini kwa sababu kulikuwa na baridi. Akaonyeshwa choo, akavuta maji mara moja. Akafungua dirisha, akalifunga. Akagusa blanketi.

"Mmefanya kazi nzuri," alisema, na alisema kweli. "Haya. Kuna anayetaka abaki?"

Bi Arlys alikuwa ameshaanza vifungo, macho yake hayapandi juu ya koti. Duane alitazama ubao. Renae alimtazama Curtis, akafungua mdomo, akaufunga. Loren alikuwa kaka wa mumewe, si wake. Loren naye alimtazama Curtis, bila kumwomba kitu, kama mtu anayengoja mwenzake acheze.

Curtis alilijua neno. Lilikuwa neno moja fupi, na alikuwa nalo ulimini. Alifikiria asubuhi zote zitakazofuata, Loren mezani na uji wake, Loren garini, Loren akianguka katikati ya duka; akafikiria pia kwamba hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa gumu. Alipumua.

"Barabara zimeganda," alisema. "Endesha polepole."

"Asante," alisema dereva.

Wakapanda ngazi, Loren akishika ukuta. Gari la kijivu likarudi kinyumenyume hadi barabarani, likaondoka.

Kule chini Colleen aliuliza kete za bluu zifanywe nini. Duane alisema zikiondolewa mchezo umeharibika, na zikiachwa zimeziba njia. Wakatafakari.

"Mchezeeni," alisema Bi Arlys.

Wakamrushia dadu kila zamu yake ilipofika, wakamsogezea kete kwa haki, bila kumpendelea wala kumdhulumu. Loren akashinda. Walipiga makofi, isipokuwa Renae, aliyekuwa ameketi kitandani amevaa koti lake mwenyewe, kama naye anangoja gari.

Jumamosi iliyofuata Curtis alimwambia kaka yake kwamba alishinda. Loren alifurahi sana. Akauliza kama walimpigia makofi, wakamwambia walipiga. Akataka aonyeshwe kete yake ya mwisho iliingilia wapi, na Curtis akamwonyesha. Aliitazama nafasi ile kwa muda mrefu, akaigusa kwa kidole, halafu wakaanza mchezo mpya. Walicheza mpaka honi ilipolia, na Bi Arlys akaanza kumfunga koti, kuanzia chini.