Barabara ya Kumpokea Bwana Kornelis

Kaka yangu Hironimus ni mwenyekiti wa kijiji chetu cha Wae Lerong, na ugonjwa wake ni mmoja: wageni. Akisikia mgeni anakuja, halali. Basi ilipotangazwa kwamba Bwana Kornelis wa idara ya afya anapanda kuja kuamua kama chumba chetu cha uzazi kibaki au kifungwe, kaka alifanya alichokijua. Alitutoa wote na majembe. Tukafukia mashimo, tukazoa vifusi, tukapanga mawe kwenye makorongo, mpaka barabara ile ukiiona unadhani ni ya mjini.

Mimi moyoni nilikuwa na mtu mmoja tu, Yustina, binti wa kaka. Alikuwa na mimba ya pili, mumewe yuko Malesia kwenye mashamba ya michikichi. Uzazi wa kwanza alitoka damu mpaka midomo ikawa myeupe, na aliyemrudisha duniani ni mkunga Selfiana, katika chumba hichohicho, kwa sindano na mikono yake. Safari hii alikuwa ajifungue mwezi wa pili wa mwaka, na mwezi wa pili kwetu mvua hainyeshi, inamwagwa.

Bwana Kornelis alifika mapema, shati lake safi. Kaka akampokea langoni kwa jogoo mweupe na kibuyu cha tembo, kama desturi yetu, tukamchinjia nguruwe. Alipokwisha kula akafuta mikono, akauliza, "Haya, semeni wenyewe. Mna shida gani huku?"

Watu wakatazama sahani zao. Kwetu mgeni aliyekula nyama yako humlalamikii, utaonekana unamsimanga. Kaka akatabasamu. "Hatuna shida, bwana. Tunashukuru tu."

"Hatuna shida?" nikaropoka. "Kaka, mficha uchi hazai!"

"Emerensiana, mletee mgeni kahawa."

"Kahawa anayo, iko mbele yake!"

Watu wakacheka, na mgeni naye akacheka. "Dada yako ana ulimi, mzee."

"Msamehe, bwana. Hata marehemu mama alishindwa naye."

Selfiana akainuka aseme jinsi mvua inavyoikata barabara. Kaka akawaashiria wapiga ngoma, ngoma zikaanza. Nilitamani kulia kwa hasira, nikaenda kuosha masufuria.

Jibu lilikuja kabla kahawa tuliyoanika haijakauka uwanjani: barabara yenu ni nzuri, akina mama wateremke hospitali ya wilaya. Kitanda cha kuzalia kikapakiwa kwenye lori, taa ikapakiwa, Selfiana akahamishwa, akaondoka analia. Nilimfuata kaka uani kwake, anawamwagia kuku mahindi.

"Umeridhika sasa?"

"Ningefanyaje, dada yangu? Nimwonyeshe mgeni matope?"

"Ndiyo! Si ndiyo tuliyo nayo?"

Akaendelea na kuku wake.

Tulipanga Yustina ateremke mapema, akangojee kwa jamaa zetu mjini. Mtoto hakungoja mipango yetu. Uchungu ulimshika asubuhi moja ya mvua, na mlima ulikuwa umeshameguka barabarani, lori halipiti. Vijana wakamlaza kwenye machela ya mianzi, tukashika njia kwa miguu, kaka naye pamoja nasi. Alijifungulia njiani, chini ya turubai, mikononi mwangu. Mtoto wa kike, analia vizuri kabisa, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu damu ikaanza. Nikamkanda tumbo kama nilivyomwona Selfiana akifanya, lakini damu haikusimama.

Kijijini mtandao hakuna, unaanzia juu ya kilima cha Golo Wunis kuteremka mjini. Tulipofika pale kaka akampigia Bwana Kornelis, atume gari la wagonjwa ng'ambo ya maporomoko ya udongo. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Ooh, mzee Hironimus! Habari za huko juu?"

"Nzuri, bwana," akasema kaka.

Haki ya Mungu, alisema hivyo! Binti yake damu inapita kwenye mianzi inadondoka chini, naye anasema nzuri.

"Nzuri kabisa. Ila tuna kashida kadogo..."

Nikampokonya simu. "Hakuna nzuri hapa! Yustina anakufa! Leta gari, leta sindano!"

"Lakini mama, barabara yenu niliiona kwa macho yangu."

"Uliona tulichokufagilia wewe!"

Gari alilituma, siwezi kumsingizia. Tulipofika kwenye maporomoko tuliliona limesimama ng'ambo, na muuguzi anavuka kwa miguu huku anazama matopeni. Yustina akaniuliza, "Shangazi, mtoto amefunikwa?" Nikamwambia amefunikwa. Muuguzi alipotufikia alimgusa shingoni, akamgusa tena, kisha akavua koti lake la mvua akamfunika uso.

Simu ikalia. Kaka akaipokea, amejaa matope mpaka kifuani.

"Vipi mzee, mambo yamekaaje?"

Nikamkodolea macho, kwa maana angesema tena lile neno lake ningemtupa korongoni na simu yake.

"Mabaya," alisema. "Mwanangu amekufa. Njoo uione barabara yetu, bwana. Njoo leo, kabla sijaitengeneza."