Ukuta wa Baba

Macho ya mzee yalikuwa yameanza kumsaliti, lakini ukuta wa chumba kipya aliujenga mwenyewe. Binti yake, fundi kama yeye, alipoushushia timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima, aliutazama mara mbili.

"Umesimama wima, mama?" mzee akauliza.

Angeweza kumridhisha kwa neno moja. Badala yake aliushika mkono wa baba yake, akauweka juu kwenye uzi, kisha akaushusha polepole. Mzee akapapasa nafasi iliyozidi kupanuka kati ya uzi na tofali.

"Unene wa msumari husameheka," alisema. "Hapa kinapita kidole kizima. Huu utakuja kuua watu."

Akaomba nyundo, akaling'oa tofali la juu mwenyewe. Binti alilipokea huku machozi yakimlengalenga.