Kanuni ya Tisa

Mzee aliingia dukani akiwa ameikumbatia bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akakung'uta theluji mabegani, akavua kofia, akaitua bahasha juu ya meza ya kuuzia. Pembeni yake akaweka kalamu nyekundu, mpya, haijafunguliwa kifuniko.

"Wewe ndiwe mama msimamizi?" akauliza. "Anwani niliiona kwenye gunia la chumvi tuliyoagiza pamoja wanajukwaa. Mimi naitwa Tak Gwang-su. Kule jukwaani nilikuwa Jiwe la Mtungi."

Pyo Mi-ran alilitambua jina hilo mara moja. Duka lake la karatasi na kalamu lilikuwa katika kichochoro cha mji wa Jeonju, lakini kwa miaka sita roho yake ilikuwa katika jukwaa la mtandaoni, kwa watu elfu nne wanaochachusha rojo ya soya mitungini majumbani kwao. Wiki tatu zilizopita alikuwa amemfungia mzee huyu asiandike tena, na watu wakashangilia kana kwamba amewaondolea mwiba kooni.

Kusema kweli, Jiwe la Mtungi hakuwa mtu wa kupendeka. Ulimi wake ulikuwa shubiri; ukimwonyesha mtungi, yeye huona kasoro. Mwanamke mmoja alikuwa ametengeneza rojo kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe wake afariki, akabandika picha yake kwa furaha na machozi. Jiwe la Mtungi akamjibu kwa maneno mawili: "Imeoza. Itupe." Jukwaa likawaka moto. Ha Seon-yeong, mwenzake Mi-ran katika usimamizi, akapiga simu.

"Dada, huyu mzee ama zake ama zetu. Watu wanahama."

"Amevunja kanuni gani?"

"Kwani kanuni zimeshuka kutoka mbinguni? Si tunaziandika sisi wenyewe?"

Wakacheka wote wawili. Kanuni zilikuwa nane. Mi-ran akaongeza ya tisa, kwamba ni marufuku kumvunja moyo mwenzio, akairudisha tarehe nyuma ionekane ina mwaka mzima. Kisha akatangaza kwamba Jiwe la Mtungi ameondolewa kwa kuikiuka, licha ya kuonywa mara nyingi. Hakuwa ameonywa hata mara moja. Siku ile Mi-ran alijiona mlinzi wa wanyonge, na sifa alizomiminiwa zilimkolea kama chumvi katika mchuzi.

"Sikuja kugombana," mzee alisema, akitoa rundo la karatasi. "Miaka thelathini na moja nimekuwa mkaguzi katika kiwanda cha vyakula. Kazi yangu ilikuwa kusema 'tupa'. Nisiposema, mtu anaugua. Marehemu mke wangu alikuwa akinifinya paja nikianza kuwasema watu mezani. Sasa hakuna wa kunifinya. Binti yangu amenichapishia yote niliyoandika. Nitilie alama nyekundu pale nilipokosea, nijue."

Mi-ran akaifungua ile kalamu kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akatia mstari chini ya yale maneno mawili.

"Hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Ungeanza na pole. Ungesema unahofia kwamba imeharibika."

"Pole. Nahofia," mzee akarudia, akiandika katika kijitabu chake.

Mi-ran angeishia hapo. Lakini mkono wake, kwa woga wa kusimama, ukaendelea. Akatia alama pale mzee alipomwambia mtu apunguze maji. Akatia nyingine pale alipoandika: "Usiinue mtungi peke yako, mgongo haujapona." Mzee alitazama alama hiyo muda mrefu, akakunja uso kama mwanafunzi mbele ya hesabu ngumu, kisha akainakili vilevile bila kubisha.

"Na ile kanuni ya tisa," alisema. "Nilipojiunga nilizisoma zote, nikaziandika. Ya tisa sikuiona. Daktari anasema jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Naona ilinipita, na maonyo yakanipita vilevile. Nisamehe kwa hilo. Jumatatu nakwenda kupasuliwa, yasije yakanipita mengine."

Kalamu ikasimama. Mi-ran alitamani sakafu ipasuke immeze na duka lake.

"Mzee wangu," alisema, "haikukupita. Haikuwepo. Niliiandika siku ile ile niliyokufungia, nikabadili tarehe. Na hakuna aliyekuonya."

Mzee alizigeuza karatasi taratibu.

"Na alama hizi?"

"Ya kwanza ni ya haki. Hizo nyingine nimezitia kwa woga tu."

Mzee akaichukua kalamu mkononi mwa Mi-ran, akaifunika kwa makini.

"Kiwandani," alisema, "mtu akibadili tarehe kwenye kopo, sikuwa namwambia pole."

Akavaa kofia. Mlangoni aligeuka nusu, bila kumtazama usoni. "Ile ya kwanza nimeielewa," alisema, akatoka. Karatasi aliziacha pale pale.

Mi-ran aliandika jukwaani kwa jina lake halisi: nani aliiandika kanuni, lini, na kwa nini. Akaifuta kanuni yenyewe, akamfungulia Jiwe la Mtungi. Hazikupita dakika tano, Seon-yeong akapiga simu.

"Dada, umerukwa na akili? Futa kabla watu hawajaona."

"Wameshaona."

"Na mimi umenitaja?"

"Nimejitaja mwenyewe."

Simu ikakatwa. Idadi ya waliosoma ikapanda: mia mbili, mia tano, mia nane. Hakuna aliyejibu. Mteja aliingia akitaka daftari la mistari. Mi-ran aliiweka simu mezani, kioo kikiwa juu, mahali ambapo yeyote angeweza kusoma, akaenda kulitafuta daftari.