Istikhara ya Batuli

Batuli binti Pazi alikuwa bingwa wa ndoto za mchana. Ukimwachia uduvi auanike, ungemkuta baadaye amesimama na ungo mkononi, macho yamekwama kwenye mikoko, na nyani ameshajihudumia upande wa pili wa chanja. Pale Saadani, kijiji kilichomo ndani ya hifadhi, nyani hawangoji kukaribishwa. Baba yake, Mzee Pazi, alikuwa ameacha kumgombeza zamani. "Huyu mwili wake uko hapa," alikuwa akisema, "lakini mwenyewe kasafiri."

Alikosafiri kulijulikana. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chumvi, Batuli alipenda kwenda kutazama nyayo za tembo ufukweni. Kila wayo ulikuwa umejaa maji, na kila maji yalibeba kipande chake cha mbingu. Alichuchumaa hapo akajiuliza walikuja kutafuta nini baharini, na kwa nini mwaka huu wamepitia migombani kwa jirani yao Mosi badala ya njia yao ya zamani. Wanakijiji walikuwa na jibu lao: tembo ni mwizi. Askari wa hifadhi walikuwa na lao: ninyi ndio mliolima njiani. Batuli alitamani kusimama katikati ya majibu hayo mawili, akiwa na elimu ya kutosha ili asikilizwe na pande zote. Ndiyo maana, alipomaliza kidato cha sita, aliomba kusomea shahada ya uhifadhi wa maliasili, na hakuomba kitu kingine.

"Usomee tembo?" baba yake alimcheka. "Tembo mwenyewe hajasoma, na anakula vizuri kuliko sisi."

Lakini kicheko chake kilikuwa cha furaha. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, vijana wake wawili wameoa Pangani na huko wamekaa, na nyumba ilibaki yake na huyu binti. Alimpenda Batuli kupita kiasi, na mtu yeyote aliyemwona akimchagulia kamba wakubwa kwenye sahani alilijua hilo.

Vyuo viwili vilimpokea. Ujumbe uliingia kwenye simu, ukamtaka athibitishe kimoja kabla Ijumaa haijapita, la sivyo angepoteza vyote. Chuo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, cha watu binafsi, kipya, ghorofa za vioo kutoka chini hadi juu. Cha pili kilikuwa cha serikali, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Ada ya mwaka mmoja kule Dar ingemsomesha mtu Morogoro mpaka avae joho.

Mtu yeyote angesema hapo hakuna la kujadili. Mzee Pazi hakuwa mtu yeyote.

"Rahisi ghali," alisema. "Utasoma Dar. Nitauza minazi."

Minazi hiyo ilikuwa shamba aliloachiwa na baba yake, nje ya mpaka wa hifadhi, na Abdillah, mfanyabiashara wa Bagamoyo, alikuwa akilimezea mate miaka nenda miaka rudi. Sasa akaitwa aje Ijumaa asubuhi amalize. Baba anauza urithi wa baba yake kwa ajili yako, nawe unasimama mbele yake na kumwambia zawadi yako siitaki? Ulimi wa kusema hivyo Batuli hakuwa nao.

Alichoweza ni kupiga simu. Alikwenda kando ya mashamba ya chumvi, pahali pekee ambapo mtandao hukaa bila kuyumba, akapiga kwanza Dar. Kijana mwenye sauti ya asali alimweleza habari za lifti, bwawa la kuogelea na kompyuta. Batuli akauliza kama wanafunzi hulala porini.

"Hapana, dada yangu!" kijana alicheka. "Hosteli zetu zina viyoyozi. Mara moja kwa mwaka tunawapeleka mbugani kwa basi, ratiba ikiruhusu."

Alipopiga Morogoro, simu iliita karibu ikatike. Akapokea mwalimu wa kike, akihema.

"Subiri kidogo, mwanangu. Nimekumbatia mti hapa, tunaupima." Nyuma yake ndege walikuwa wakilia, ndege ambao Batuli hakuwajua, na sauti za vijana zilikuwa zikiitana majina ya miti kutoka mbali, moja ikiitikia nyingine, zikapotea, zikarudi. Batuli akafumba macho. Pale penye jua na chumvi akahisi ubaridi wa kivuli shingoni.

"Haya, uliza," yule mwalimu alisema.

Batuli akauliza yote. Mwalimu hakumpaka mafuta. Hosteli ni za kubanana. Maharage utayachoka. Magari ya kwenda mafunzoni huharibika, mkayasukuma. Ajira wengine wanapata upesi, wengine wanahangaika. "Ila msitu upo, na wanaokufundisha wameutembea. Ukitoka hapa, mwenye ng'ombe na mwenye bunduki wote utajua la kuwaambia. Hilo sikudanganyi."

Simu ilipokatika, Batuli alibaki ameishikilia sikioni kwa muda mrefu.

Basi si angekwenda kwa baba yake akasema? Hakwenda. Badala yake alikwenda kwa shangazi yake, Mwanamvua, dada yake Mzee Pazi, mwanamke ambaye hajawahi kununua hata kanga bila kuuliza mbinguni.

"Swali istikhara, mwanangu, umwombe Mungu akuchagulie," shangazi alimwambia. "Rakaa mbili, usome dua yake, kisha ulalie ubavu wa kulia na usiseme na mtu. Utaoteshwa. Ukiona kijani au cheupe, ni kheri. Ukiona chekundu au cheusi, kimbia."

Batuli alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Ndoto ingemsemea! Asingekuwa yeye wa kumkatalia baba yake, angekuwa Mola, na baba hajawahi kubishana na Mola. Mlima wa kijani ungemjia usingizini, naye asubuhi angeusimulia kwa sauti ya unyenyekevu, shauri likaisha. Jioni hiyo, kusema kweli, aliikodolea macho migomba ya jirani mpaka giza lilipoingia, ili kuisaidia ndoto kidogo.

Alilala kama gogo. Hakuota kijani wala cheupe. Hata paka hakumwota. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Yeye ambaye mchana kutwa alitembea na tembo ndani ya maji ya fedha, ambaye aliweza kusahau chungu motoni kwa kutazama wingu, usiku aliambulia mto wa kulalia tu.

Na kijijini siri haina mlango. Kila asubuhi ilianza kwa "Shikamoo," "Marahaba," na kabla ya habari za nyumbani, "Umeota?" Wasiotakiwa ndio walioota. Mosi alimwona Batuli juu ya tembo, lakini hakukumbuka tembo alielekea wapi. Shangazi Mwanamvua mwenyewe aliota jumba refu jeupe likimeremeta. "Cheupe!" alimpigia kaka yake kelele toka uani. "Vile si vioo vya Dar?" Mzee Pazi aliposikia uso ulimchanua, akampigia simu Abdillah kumhimiza asichelewe.

Batuli alifikiri kuzua yake. Mlima mmoja tu, wa kijani, ungetosha. Lakini kusema umeoteshwa na hukuoteshwa ni kumsingizia Mungu, hilo alilijua tangu akiwa mdogo kwenye chuo cha Kurani, na kila alipofungua kinywa ulimi ulimwia mzito.

Alhamisi alasiri alimwendea Bi Rukaya, aliyemsomesha Kurani. Alimkuta barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Nasikia unaitafuta ndoto kama mtu aliyepoteza mbuzi."

"Haiji, mwalimu. Labda dua naikosea."

"Isome nikusikie."

Batuli akaisoma kwa Kiarabu, haraka, kama alivyoihifadhi. Bi Rukaya hakuinua macho kwenye ungo.

"Hapo mwisho umesema nini? Nambie kwa Kiswahili."

Batuli akaanza kufasiri, akaenda polepole, neno baada ya neno. *Na unikadirie kheri popote ilipo. Kisha uniridhishe nayo.*

"Ndoto iko wapi humo?" Bi Rukaya aliuliza.

"Haimo, mwalimu."

"Haimo. Hizo rangi ni zenu na Mwanamvua. Umeomba kheri na umeomba kuridhika nayo. Sasa umeridhika wapi? Hilo sitakwambia mimi, na mchele wangu huu una mawe mengi. Nenda."

Batuli aliondoka akipita njia ya ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mchanga umebaki na mng'ao wa mwanga, na kwa mbali twiga walikuwa wakivuka taratibu sana, utadhani wanakanyaga maji. Alitembea bila kujua anatembea. Akasikia tena wale vijana wakiitana majina ya miti. Akahisi tena ubaridi shingoni. Ndipo akatambua kwamba tangu siku ile ya simu hakuwa na shaka hata chembe. Alikuwa ameridhika zamani, siku zote hizi alikuwa akitafuta mtu wa kumtuma kwa baba yake. Akaona haya. Halafu akaogopa, kwa sababu sasa hapakuwa na wa kutumwa ila yeye.

Alimkuta Mzee Pazi kwenye mashamba ya chumvi, akisubiri gari la mzigo. Wiki hii angelipakia tu, asiende nalo, maana Abdillah alikuwa anakuja kesho yake. Magunia ya uduvi yalikuwa pembeni yake.

"Baba, sijaota," Batuli alisema. "Na sitaota. Nataka Morogoro."

Mzee Pazi alimtazama. "Kwa sababu ya minazi? Unanionea huruma mimi?"

"Kidogo," alisema, maana hakutaka kusema uwongo. "Lakini hata ungekuwa na minazi ya pwani nzima ningesema Morogoro. Kule wanafundisha msituni. Dar wana vioo, baba. Mimi vioo sivihifadhi."

Batuli alidhani atafoka. Angalau angesema tena rahisi ghali. Baba yake aliketi juu ya gunia, akaanza kufungua na kufunga kamba ya gunia jingine, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Dar naenda kila Alhamisi na mzigo," alisema mwisho. "Ningepita hapo chuoni. Ningekuona, nikarudi."

Kumbe baba yake hakuwa akinunua vioo. Alikuwa akinunua Alhamisi. Angetoa minazi yote ya baba yake, hadi mche wa mwisho, ili amwone binti yake getini mara moja kwa wiki, na aibu ilimzuia kulisema hilo akajificha nyuma ya methali.

"Basi nithibitishe Dar, baba," alisema, na alimaanisha. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi.

"Umeridhika nako?"

Batuli akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Mimi siombi sadaka kwa mwanangu," Mzee Pazi alisema. "Toa hiyo simu."

Aliitoa. Akaandika namba za siri alizotumiwa, akaweka chuo cha Morogoro, kisha akamnyooshea baba yake. "Bonyeza wewe."

"Mkono wangu huu? Utabonyeza Dar. Bonyeza mwenyewe, upesi, kabla mtandao haujakimbia."

Batuli akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Mbele yao chumvi ilikuwa imeanza kushika rangi ya waridi, na baba na binti wakakitazama kile kiduara wote wawili kwa hofu moja. Kisha ukaja ujumbe wa kupokelewa. Mzee Pazi akamwomba amsomee. Akamwomba amsomee tena.

Gari la mzigo lilisikika likinguruma kule kijijini. Mzee Pazi alinyanyua gunia la kwanza, akalitua.

"Huko Morogoro," aliuliza, "uduvi wanakula?"

"Sijui, baba."

"Watazoea," alisema, na hapo hapo akaanza kuipanga njia kwa vidole, Miono, Lugoba, Chalinze, akimuuliza binti yake kama Chalinze mtu hubadilisha gari au huunganisha moja kwa moja.